Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Paukwa!

— Pakawa!

Nyinyi wa kule mlangoni sikuwasikia. Au mmemeza ulimi pamoja na mihogo yangu? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Tuambie, bibi!

Palikuwa na mdomo.

— Mdomo wa nani?

Mdomo wa mwenye nyumba!

— Lo! Tumekaa, tupe!

Basi kaeni vizuri, na mikono isisimame. Anayesuka ukili asuke, masikio hayasuki. Na wewe Songoro, mjukuu wangu, mume wangu wa utani, uliyekaa karibu na mlango, usitafute njia ya kutoka. Nimekuona.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata nyanya yangu alizisikia tu kwa watu, palikuwa na ndege mmoja mkubwa mweusi. Siku hizi tunamwita hondohondo. Siku zile hakuwa na jina hilo. Aliitwa Mwinyi Domo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa unafika kwanza, yeye anafuata baadaye.

Mwinyi Domo alikaa ndani ya tundu la mti wa mkuyu. Alikaa na mkewe, Bi Mize, na mtoto wao mmoja, Mashaka. Jina hilo mtoto alipewa na bibi yake mzaa mama, siku alipokuja kumwona mjukuu akamtazama mama yake usoni.

Mwinyi Domo alikuwa na msemo wake mmoja. Asubuhi anausema, jioni anausema. "Mwenye nyumba hapigi hodi!" Basi alikuwa akirudi matembezini anaingia puu! Hakuna hodi, hakuna salamu. Neno la kwanza: "Chakula kiko wapi?"

Chakula kikiwa cha moto, kinaunguza. Kikipoa, kimepoa. Makuyu yakiwa machungu, kosa la Mize. Yakiwa matamu, yamezidi utamu, kosa la Mize. Na baada ya kosa, mdomo ule. Pwaa!

Nawaona mnacheka. Huo mdomo uchekeni, ruhusa. Ile pwaa msiicheke.

Kesho yake Bi Mize anashuka kuteka maji, jicho limevimba. Jirani yake wa chini ya mti, Bi Kanga, yule mwenye madoadoa, anamuuliza:

"Shoga, jicho limekuwaje?"

"Nimejigonga kwenye tawi."

"Pole mwenzangu."

Wiki ikipita, bawa limeteguka. "Shoga, bawa limekuwaje?" "Nimejigonga kwenye tawi." "Pole mwenzangu." Wiki nyingine, kichwa. "Tawi." "Pole."

Mwishowe majirani wakasema, tawi hili lina chuki na Bi Mize. Wakamwambia mumewe. Na yeye Mwinyi Domo, loo, akafanya uso wa huruma! Akaleta watu, wakalikata tawi mbele ya umma. Akasema, "Mke wangu asiumie tena." Wanawake wakapiga vigelegele. Wakasema Mize kapata mume.

Haikupita siku ya tatu. Bi Mize akashuka kuteka maji, shavu limepasuka.

"Shoga, shavu limekuwaje?"

"Nimejigonga kwenye tawi."

Bi Kanga akatazama juu. Tawi halipo. Akatazama chini. Akatia maji kwenye mtungi wake, akasema, "Pole mwenzangu," akaenda zake. Nyumbani akamwambia mumewe, "Mambo ya ndani ya nyumba, mimi simo."

Basi, nyumba ile ikaanza kuugua.

Mashaka hakui. Wenzake waliozaliwa naye wanaruka tawi hadi tawi, yeye bado manyoya ya utotoni. Hali, na akila, hakikai. Akisikia tu mabawa ya baba yake kwa mbali, vuu vuu vuu, tumbo linamkata, anaharisha palepale. Na hasemi. Neno moja hasemi.

Bi Mize naye sikio la kushoto linavuma mchana kutwa. Akataga yai, halina ganda. Laini, limemwagika kabla halijafika chini. Akataga la pili, hilohilo. Akalitazama, akamtazama na Mashaka jinsi mbavu zilivyomtoka, akajua kwamba huyu naye yuko njiani kumwagika. Mwenzenu aliogopa. Aliogopa kuliko alivyouogopa ule mdomo.

Mwinyi Domo akaona mayai yamemwagika, akaona mtoto amekonda, akapiga kelele mti mzima ukatikisika:

"Nyumba yangu imerogwa! Nani ananiroga mimi?"

Akafunga safari kwenda kwa Bibi Kakakuona.

Kakakuona mnamjua, yule mwenye magamba, akishtuka anajiviringa kama kitumbua. Akitokea mahali, watu hukusanyika, humwekea vitu chini. Humwekea maji, mtama na mkuki. Akiyaendea maji, mvua ipo. Akiuendea mtama, mavuno yapo. Akiuendea mkuki, fungeni mizigo. Bibi Kakakuona haongei sana. Anachagua.

Mwinyi Domo akamwekea vitu vitatu: unyoya wa mama mkwe, unyoya wa Bi Kanga, na unyoya wa Bundi.

"Shikamoo, bibi. Mchawi wangu ni yupi hapa? Mimi namshuku mama mkwe, lakini sitaki kukuongoza."

"Marahaba," akasema Bibi Kakakuona, akaanza kutembea. Taratibu. Akaufikia unyoya wa mama mkwe. Akaupita. Akaufikia wa Bi Kanga. Akaupita. Akaufikia wa Bundi. Akaunusa, akapiga chafya, akaupita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mwinyi Domo mwenyewe, akanyanyua mkono wake wa kucha, akauweka juu ya mdomo wake.

Sasa nyie mmeelewa?

— Tumeelewa!

Mtoto wa miaka minne ameelewa. Lakini Mwinyi Domo akaruka kwa furaha: "Aaa! Nimekupata, bibi! Mchawi ana mdomo mkubwa! Asante sana!"

Huyoo, akaondoka. Bibi Kakakuona akajiviringa, magamba yakawa yanatikisika. Wengine wanasema alikuwa analia. Mimi nasema alikuwa anacheka.

Mwinyi Domo akaenda kwanza kwa Korongo. "Wewe! Mdomo wako mrefu. Umeiroga nyumba yangu!"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akamtazama. "Mdomo wangu mrefu, kweli. Lakini haujawahi kumgusa mke wangu kwa ubaya. Wa kwako je?"

"Sikuja kuzungumza habari zangu!" akasema Mwinyi Domo, akaondoka.

Akaenda kwa Mwari, kule ziwani. "Wewe! Mdomo wako mpana. Umeiroga nyumba yangu!"

Mwari akaufumbua, samaki watano wanarukaruka ndani. "Mdomo huu ni kapu la wanangu. Wa kwako unabeba nini?"

"Sikuja kuzungumza habari zangu!" Akaondoka.

Akaenda kwa Kasuku, aliyekuwa akikaa mkuyu wa pili. "Wewe! Mdomo wako umepinda. Umeiroga nyumba yangu!"

Kasuku, maskini, hana maneno yake mwenyewe. Anasema anayoyasikia tu. Akafumbua mdomo: "Mwenye nyumba hapigi hodi! Chakula kiko wapi? Pwaa! Chakula kiko wapi? Pwaa!"

Mwinyi Domo akashtuka. "Astaghafirullahi! Ndege gani huyu asiye na adabu? Kajifunza wapi ukorofi huu? Sauti yenyewe mbaya!"

"Pwaa!" akasema Kasuku.

Songoro, mbona unakohoa? Mpeni maji.

Mwinyi Domo akarudi kwa Bibi Kakakuona, jasho linamtoka. "Bibi, midomo mitatu nimeikuta, yote inakana. Nipe dawa ya kumkamata."

Bibi Kakakuona akaingia ndani, akatoka na njuga, zile kengele ndogo za kuchezea ngoma. Akamfunga njuga hizo imara juu ya mdomo.

"Usizifungue. Mchawi wako akipiga, njuga zitalia."

"Akipiga hodi?"

"Nimesema akipiga."

"Nimekuelewa, bibi!" akasema Mwinyi Domo. Kumbe hakuelewa kitu.

Siku ya kwanza akarudi nyumbani, akaingia puu! "Chakula kiko wapi?" Mize akamwekea makuyu. "Mbona machungu haya?" Mdomo ukainuka kupiga. Haujashuka bado, njuga zikalia: ching'iri, ching'iri, ching'iri!

"Mchawi!" Mwinyi Domo akamwacha mkewe hapohapo, akatoka mbio. Akazunguka mti mara tatu. Hakuna mtu. Aliporudi, amechoka, hata hasira imemtoka. Akalala.

Siku ya pili, puu! "Chakula kiko wapi? Mbona kimepoa hiki?" Mdomo ukainuka. Ching'iri, ching'iri, ching'iri! "Mchawi!" Mbio. Akazunguka mti mara tatu, ya tatu akateleza akatumbukia kwenye tope la mto, akabaki miguu juu.

Bi Mize akachungulia kwa juu. Akaangalia miguu ile. Akaangalia njuga zile. Kicheko kikamjia, akajizuia, kikamshinda. Akacheka. Hakuwa amecheka tangu mvua za mwaka juzi. Mashaka akamtazama mama yake anavyocheka, akasogea, akaokota kuyu moja, akala. Akaokota la pili. Yote yakakaa tumboni.

Siku mbili bila pwaa, mtoto kala. Mize akazihesabu siku zile mbili, na moyo ukamuuma, maana aliona jinsi dawa ya mtoto ilivyokuwa ndogo.

Siku ya tatu Mwinyi Domo akaitisha majirani. "Jamani, mchawi anakuja kila siku saa ya chakula, njuga zinalia, nikitoka simwoni. Leo jificheni nyuma ya mlango. Njuga zikilia, ingieni. Fumbeni macho asiwaroge, msiulize nani. Pigeni!"

"Tusiulize?" akasema Bi Kanga.

"Msiulize! Mkiuliza atatoroka."

Bi Kanga akaja na mchi. Korongo akaja na fimbo. Bundi akaja na mwiko, na huyu ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote, maana kila ugonjwa unaotokea kijijini anatajwa yeye. Wakajificha.

Mwinyi Domo akaingia puu! "Chakula kiko wapi?" Chakula kipo. Kimeiva. Si cha moto, si cha baridi. Akatafuta kosa, hakuliona. Akageuka, akamkuta Mashaka anatazama njuga kwenye mdomo wa baba yake, anatabasamu.

"Unamcheka baba yako? Mama yako ndiye anakufundisha!"

Akamgeukia Mize. Mize akajitia mbele ya mtoto. Mdomo ukainuka juu kabisa.

Ching'iri, ching'iri, ching'iri!

Mlango ukafunguka. Majirani wakaingia kama siafu, macho wamefumba, kama walivyoagizwa. Mchi wa Bi Kanga ukatangulia: ko! Juu ya mdomo. Uvimbe ukachomoza palepale, nundu kubwa. Hata leo mtazameni hondohondo, nundu ile anayo.

"Ni mimi! Ni mimi!" akapiga kelele Mwinyi Domo.

"Ndiyo, ni wewe, mchawi mkubwa!" akasema Bundi, mwiko juu.

"Basi!" akasema Bi Mize. "Imetosha! Fumbueni macho."

Wakafumbua macho. Wakamwona Mize amejikunyata, bawa limemfunika mtoto. Wakamwona mwenye njuga ni nani. Bundi akashusha mwiko. Bi Kanga akaanza kuhema.

"Njuga mbovu hizi," akasema Mwinyi Domo. "Zimerogwa nazo. Mke wangu huyu huwa anajigonga kwenye..."

"Siyo tawi," ikasema sauti.

Wote wakageuka. Aliyesema ni Mashaka. Ndilo neno lake la kwanza tangu kuzaliwa.

"Siyo tawi," akasema tena.

Hapo hapakuwa na wa kucheka, na mimi sichekeshi.

Bi Mize akasimama, akawatazama mmoja mmoja. "Njuga zimelia siku tatu, mmekuja na michi. Mimi nimelia misimu mitatu. Hamkunisikia?"

Bi Kanga akainamisha kichwa. "Tulikusikia, shoga. Tukasema mambo ya ndani."

Bibi Kakakuona alikuwa amefika mlangoni, mwendo wake ule wa taratibu. Akamwendea Mwinyi Domo, akanyanyua kucha, akaziweka juu ya mdomo wake, karibu na nundu. "Mimi nilichagua siku ileile. Wewe ukaenda kukagua midomo ya watu."

Sasa Mwinyi Domo akaelewa. Akamtazama mtoto wake. Mtoto akarudi nyuma ya mama yake, tumbo amelishika. Mwinyi Domo akaona aibu, akalia machozi, njuga nazo zikalia.

Korongo akauliza, "Bi Mize, tumfanyeje? Tumpige?"

"Msimpige. Kama kupiga kungekuwa dawa, nyumba hii isingekuwa na mgonjwa. Mimi nataka udongo."

"Udongo?"

"Udongo wa mfinyanzi. Mwingi."

Wakamletea. Bi Kanga alibeba safari nyingi kuliko wote. Mwinyi Domo akatolewa nje. Bi Mize akaukanda udongo, akaanza kuuziba mlango kwa ndani, yeye na mwanawe ndani. Akaziba, akaziba, akabakiza ufa mwembamba, upana wa ncha ya mdomo tu. Kuyu linapita. Pigo halipiti.

Kisha akasema kwa ufa: "Mwinyi Domo, sikia. Chakula utaleta wewe. Ukifika, utapiga hodi. Nikikuitikia, utapitisha chakula. Nisipokuitikia, utasubiri. Ukipaza sauti, na ufa nitauziba, na Bi Kanga atatuletea kwa upande mwingine."

"Mimi? Nipige hodi nyumbani kwangu?"

Majirani wote wamesimama chini, na mchi bado upo.

Mwinyi Domo akataka kusema hodi. Lakini mdomo umevimba, ulimi haufiki. Badala ya "Hodi! Hodi!" ikatoka:

"Hondo! Hondo!"

"Nani?" akauliza Mize.

"Hondo! Hondo!"

Bundi akacheka mpaka akadondosha mwiko. Na jina likamganda hapo. Mpaka leo, hondohondo.

Ikawa hiyo ndiyo kazi yake. Asubuhi, kuyu moja, hondo hondo, subiri. Kuyu la pili, hondo hondo, subiri. Panzi mmoja, hondo hondo, subiri. Jua linatua bado anaruka. Akakonda yeye. Siku moja akaleta makuyu mabichi, Mize akayarudisha kwa ufa. "Haya machungu." Akataka kukasirika. Akakumbuka. Akaenda kutafuta mengine.

Na kule ndani kukatulia. Hakuna mabawa ya ghafla, hakuna puu. Sikio la Mize likaacha kuvuma. Mashaka akala, akaota manyoya meusi ya kikubwa, na maneno nayo yakaja, tena mengi mpaka mama yake akamwambia nyamaza kidogo nipumzike. Mize akataga yai, lina ganda. Akataga la pili, lina ganda. Akaligonga kwa ukucha, ko ko, gumu. Akalia kwa furaha.

Siku moja Mwinyi Domo amefika na kuyu, akasikia ndani pii, pii, pii. Akasahau hata njaa yake.

"Hondo! Hondo! Mke wangu... wangapi?"

"Wawili."

"Wazima?"

"Wazima."

"Naomba nichungulie."

Mize akafikiri. "Bado," akasema.

Na yeye akasubiri. Hakusema yeye ni mwenye nyumba.

Walipokua, Bi Mize akaubomoa ule ukuta kwa mdomo wake mwenyewe, siku aliyoitaka yeye. Wakaruka wote watano. Lakini msimu wa kutaga uliporudi, akashuka mtoni kuchota udongo tena. Mumewe akamuuliza kwa upole:

"Mke wangu, hujanisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Sasa udongo wa nini?"

"Msamaha nimeutoa," akasema Bi Mize. "Udongo sijautupa."

Na mpaka leo, kila msimu, hondohondo jike anajijengea ukuta, na dume analeta chakula nje, anaita hondo, hondo, anasubiri. Nendeni mkatazame kama nawadanganya.

Funzo lake ni hili, na mlishike. Kipigo cha mke hakiishii kwa mke. Kinaingia tumboni kwa mtoto, kinafika hata kwenye yai ambalo halijatagwa. Mwenye nyumba anayetafuta mchawi aanze na mdomo wake. Na wewe jirani unayesikia pwaa ukasema mambo ya ndani, ulisaidia kulikata lile tawi.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwenu. Ikiwa tamu, ni makuyu, kuleni. Ikiwa chungu, irudisheni kwa ufa, nitaitafutia tamu. Songoro, mume wangu, sasa ruhusa, nenda nyumbani. Ila ukifika useme nini?

— Hodi!

Sauti ndogo hiyo. Nini?

— Hodi!

Haya. Ukikaribishwa, ingia.